Daktari aliyefuatilia uchafu hadi Dar es Salaam

Ndugu msomaji, kama unaishi Kibamba, au umewahi kupita Barabara ya Morogoro kuelekea Kiluvya wingu la mvua likiwa limetanda, huenda umeliona jambo hili. Mtu anatoka nyumbani na kiroba cha taka, anatazama kulia na kushoto, anakitupa korongoni na kurudi ndani kabla hajalowa. Mvua inanyesha, maji yanakibeba kiroba. Moyoni mwake kazi imekwisha. Jirani aliyemwona ananyamaza, kwa sababu wiki iliyopita yeye naye alifanya vilevile.

Je, kiroba kile kimekwenda wapi? Leo nataka tulijibu swali hilo kwa kufuata maisha ya daktari mmoja ambaye jina lake unalisikia kila inapoadhimishwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani, tarehe 24 Machi. Alikuwa Mjerumani, aliitwa Robert Koch, na amekwishafariki zaidi ya miaka 110 iliyopita. Huenda hujui kwamba daktari huyu aliishi na kufanya kazi hapa Dar es Salaam, tena si mara moja.

Mtoto wa mji wa machimbo

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa machimbo uitwao Clausthal. Familia yao ilikuwa kubwa na baba yake alifanya kazi kwenye migodi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Alitamani kusafiri duniani, lakini alioa, akapata mtoto, na kipato kikamlazimu kutulia. Mwaka 1872 akapewa kazi ya mganga wa wilaya katika mji wa Wollstein, ambao leo uko Poland.

Huko hakuwa na maabara wala profesa wa kumwelekeza. Alikuwa na chumba kimoja cha kupokelea wagonjwa, akakikata kwa pazia: upande mmoja wagonjwa, upande wa pili hadubini. Ng'ombe na kondoo wa wilaya ile walikuwa wakifa kwa kimeta, na wakulima hawakuelewa kwa nini malisho yaleyale yaliua mifugo mwaka hadi mwaka, hata yakipumzishwa.

Koch akaipata siri. Aligundua kwamba kijidudu cha kimeta kikikosa mazingira mazuri hujifunika gamba gumu, kikakaa ardhini kwa miaka mingi bila kufa. Mnyama aliyekufa akitupwa ovyo au kufukiwa juujuu, anaacha ugonjwa kwenye udongo, na anayekuja kula majani pale baadaye anauchukua. Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kuwaonyesha wanasayansi wakubwa alichokiona. Wakubali wasikubali, daktari wa wilaya alikuwa na ushahidi mkononi, na wakakubali.

Hilo ni somo la kwanza kwetu, msomaji. Kitu kilichotupwa huwa hakijaondoka. Kimebadilisha mahali tu, na pengine kinasubiri.

Kutoka Berlin hadi bwawa la Calcutta

Kazi ile ilimfungulia mlango wa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza kwamba amekipata kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo ulikuwa ukihesabiwa kuua mtu mmoja kati ya kila watu saba, na wengi waliuona kuwa ni ugonjwa wa ukoo. Koch alionyesha kwamba unatoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima, na kwamba makohozi yake si ya kutemwa popote.

Mwaka uliofuata kipindupindu kilizuka Misri. Ujerumani ikampeleka Koch Alexandria, Ufaransa nayo ikapeleka kikosi chake. Kijana mmoja wa kikosi cha Kifaransa, Louis Thuillier, aliugua kipindupindu na kufa akiwa kazini. Koch, aliyekuwa mshindani wao, alikwenda mazishini na kusaidia kubeba jeneza.

Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch akaufuata India, katika jiji la Calcutta. Huko mwaka 1884 alithibitisha kwamba chanzo ni kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa amekwishakiona mwaka 1854, lakini dunia haikumsikiliza. Koch alikwenda mbele zaidi: alikipata kijidudu hicho kwenye maji ya bwawa moja ambalo watu wa mtaa waliogea, walifulia nguo zikiwamo za wagonjwa, na kunywa maji yake.

Simama kidogo hapo, msomaji. Fikiria mtaa ambao maji ya bomba yanakatika, watu wanategemea visima vifupi na madumu ya kununua, na korongo linalopita nyuma ya nyumba linapokea kila kitu, kuanzia maganda ya ndizi hadi pampasi zenye kinyesi cha mtoto. Huhitaji kusafiri hadi Calcutta kuliona bwawa la Koch.

Jiji lililoficha ugonjwa

Mwezi Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, jiji tajiri la bandari huko Ujerumani. Wakubwa wa jiji walichelewa kutangaza, kwa kuwa tangazo la kipindupindu lingesimamisha meli na biashara. Serikali ikamtuma Koch. Alipopita kwenye vichochoro vya maskini karibu na bandari alishtuka, ingawa alikuwa amekwishaona mengi Misri na India. Nyumba zilibanana, maji machafu na taka vilikaa palepale watu walipolala.

Hamburg ilinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani yake Altona, mji ulio chini zaidi ya mto na kwa hiyo uliopokea uchafu wa Hamburg yenyewe, uliyachuja maji hayohayo kwa mchanga. Ilifika mahali mtaa mmoja ulikuwa mpaka kati ya miji hiyo miwili: upande wa Hamburg watu walikufa, upande wa Altona wakapona. Katika majuma machache zaidi ya watu 8,000 walifariki Hamburg.

Sehemu hii ya maji husimuliwa sana. Inayohusu taka husimuliwa mara chache, nayo ndiyo inayotuhusu leo. Kabla ya ugonjwa, taka za Hamburg zilikuwa zikisombwa kwa mikokoteni hadi vijijini, ambako wakulima walizitumia kama mbolea mashambani. Kipindupindu kilipozuka, vijiji vikakataa katakata. Hakuna aliyetaka uchafu wa jiji lenye mauti. Ghafla jiji likajikuta limezungukwa na taka zake lenyewe. Ndipo likajenga tanuri maalumu la kuteketezea taka, la kwanza Ujerumani, katika eneo la Bullerdeich. Ilipofika mwaka 1896 tanuri hilo lilikuwa likifanya kazi.

Tabata waliwahi kukataa pia

Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wanaweza kuvuta kumbukumbu hapa. Taka za jiji letu zilikuwa zikimwagwa Tabata. Moshi, harufu na inzi viliwachosha wakazi wa pale, na mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu kulishitaki jiji. Walishinda, na baada ya mvutano wa miaka kadhaa dampo likafungwa. Likahamia Vingunguti, kisha Mtoni huko Temeke, na baadaye Pugu Kinyamwezi.

Kila mara jibu letu lilikuwa kuhamisha. Jiji nalo likapanuka kuyafuata madampo. Kwa mkazi wa Kibamba, Pugu iko mbali, barabara za ndani ni za mteremko na utelezi, na gari kubwa la taka halishuki hadi mlangoni. Ndiyo maana korongo linashawishi. Hata hivyo, korongo ni dampo lisilo na uzio, na lililo karibu zaidi na mtoto wako kuliko Pugu.

Zamani, Kibamba ikiwa mashamba, mtu alichimba shimo chini ya mwembe, akatupa maganda, majivu na mabaki ya chakula, likijaa akafukia na kupanda mgomba juu yake. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa taka za wakati ule na viwanja vya wakati ule. Leo kiwanja ni ishirini kwa ishirini, kina nyumba, choo, kisima na banda la kuku, na taka zenyewe zina plastiki, betri na pampasi ambazo haziozi. Desturi haikuwa mbaya. Mazingira yake ndiyo yameondoka.

Koch anafika Dar es Salaam

Turudi kwa daktari wetu. Mwaka 1897, baada ya kuchunguza ugonjwa wa mifugo Afrika Kusini na tauni nchini India, Koch alifika Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Wajerumani. Ni mwaka uleule ambao hospitali ya ufukweni, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, ilifunguliwa. Alichunguza damu ya wagonjwa wa malaria na ya ng'ombe wenye homa.

Akiwa huku alipata habari za ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, katika Mkoa wa Kagera wa leo. Daktari mwenzake alikwenda huko na kuleta vipimo, na Koch akathibitisha kuwa ni tauni. Jambo moja liliwavutia madaktari hao: wenyeji wa Kiziba walikuwa wanajua kwamba panya wakianza kufa, watu watafuata, hivyo walihama nyumba zao mapema. Hawakuwa na hadubini, lakini macho yao yalikuwa wazi.

Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Panya hufuata chakula, na chakula cha panya mjini ni taka. Usiseme hayo ni ya zamani. Lushoto imepambana na tauni tangu mwaka 1980. Mwaka 2022 mkoani Lindi watu waliugua homa iliyowatia hofu wengi, na uchunguzi ukaonyesha ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa wanyama, wakiwamo panya. Anayekanyaga maji ya mafuriko akiwa na kidonda mguuni anaweza kuupata.

Makosa ya mtu mkubwa

Nisingependa umwone Koch kama malaika. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini, akaficha imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa matumaini. Dawa haikuponya, na baadhi yao walikufa. Ilibaki kuwa na faida katika kupima, si kutibu.

Mwaka 1905 alikuja tena kwenye koloni hili, mwaka huohuo ambao Vita vya Maji Maji vilianza, na mwishoni mwa mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka 1906 akaenda visiwa vya Ssese huko Uganda kutibu malale kwa dawa yenye sumu ya aseniki. Alipoona ugonjwa unarudi aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Watu hao walikuwa Waafrika waliokuja kwake wakitafuta uzima, chini ya utawala ambao hawakuuchagua. Historia ya tiba ina deni kwao, na ni haki tulitaje.

Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi inayoitwa kwa jina lake.

Taka na ugonjwa vinakutana wapi?

Sasa nieleweke vizuri. Ganda la ndizi halizai kipindupindu. Kipindupindu kinatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye kijidudu. Lakini taka ndizo zinazokijengea njia: pampasi iliyotupwa wazi, inzi anayetoka hapo kuja kutua kwenye ubwabwa, mtaro ulioziba kwa chupa na mifuko hadi maji yakafurika vyooni na kuingia visimani. Mwezi Agosti 2015 mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulianzia Kinondoni, wakati ambao Kibamba ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo kabla ya kuwa chini ya Ubungo, ukasambaa katika mikoa mingi.

Inzi naye ana ratiba yake. Katika joto letu, yai lililotagwa kwenye taka linaweza kuwa inzi kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Taka zikiondolewa mara mbili kwa wiki, funza hawapati muda wa kukua. Zikikaa majuma mawili, umefuga.

Makopo, matairi na vifuu vya nazi vikishika maji, mbu wa dengi anazaliana humo. Jiji hili lilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Na moshi je? Wengi tunachoma jioni tukidhani tumesafisha. Plastiki ikichomwa uani hutoa sumu, zikiwamo dayoksini, kwa sababu moto wetu hauna joto la kutosha. Matanuri maalumu ya kisasa huchoma kwa joto kali mno na kuchuja moshi wake. Moto wa uani humpelekea moshi huo mtoto mwenye pumu na bibi anayekohoa nyumba ya pili. Kifua kikuu hakiletwi na moshi wa taka, lakini mapafu yaliyochoka kwa moshi hupata shida zaidi.

Ufanye nini ukiwa Kibamba?

Kwanza, tenga taka ndani ya nyumba. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani Dar es Salaam ni za kuoza: maganda, mabaki ya chakula, majani. Hizo ziweke kwenye ndoo yake, yenye mfuniko, uzifanye mboji kwa ajili ya mchicha au mgomba. Ukiondoa hizo, kiroba chako kinapungua uzito na harufu.

Pili, chupa za plastiki na chuma chakavu wape wanaonunua au wanaookota. Usiwatukane. Wanakupunguzia mzigo, na wakipewa taka zilizotengwa hawalazimiki kupekua uchafu kwa mikono mitupu.

Tatu, pampasi: kinyesi kikung'utwe chooni kwanza, kisha pampasi ifungwe vizuri kwenye mfuko na kuingia kiroba cha kuzolewa. Isiende korongoni wala chooni, maana itaziba. Nawa mikono kwa sabuni baada ya hapo. Sindano, kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani, ziweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na uulize zahanati ya karibu jinsi ya kuzirudisha.

Nne, kama unatumia shimo, liwe kwa taka za kuoza tu, lifunikwe kwa udongo kila mara, na liwe mbali na kisima, angalau mita 30. Mnyama akifa asitupwe. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akifa ghafla, usimchinje wala kugusa mzoga. Mwite ofisa mifugo.

Tano, lipeni ada ya taka kwa pamoja, na mdai huduma kwa pamoja. Gari kubwa likishindwa kushuka mtaani kwenu, guta au mkokoteni wa kikundi unaweza kukusanya taka hadi barabarani siku ya gari. Lipelekeni suala hilo kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti na bwana afya wakiwapo, mkubaliane siku, saa na mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka, kwa hiyo unapouliza huombi hisani.

Na mtu akiharisha nyumbani kwako, mpe maji yenye chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini mara moja. Akiharisha majimaji mengi kama maji ya mchele, au akilegea, mkimbize kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa.

Wakubwa wa Hamburg walijua ugonjwa umeingia, wakanyamaza kulinda biashara zao, na maelfu wakafa. Watu wa Kiziba waliona panya wakifa, wakaambiana, wakahama. Wewe ulimwona jirani na kiroba chake jana, naye amewahi kukuona na chako. Mvua ijayo haiko mbali. Zungumzeni kabla haijafika.

Tukutane wiki ijayo.